Tanuru la Chupa na Ahadi ya Miaka ya Neema

Kumbe bado upo. Miaka minne kimya, hata kuniuliza magoti yangu yameamkaje hukuniuliza. Uliniandikia mara ya kwanza ulipokuwa unaogopa kuipeleka kampuni yako kwenye soko la hisa, nikakushika mkono ukavuka, neema ikaja, ukanisahau. Sasa soko limekukunjia uso ndiyo umekumbuka kwamba una bibi. Haya. Mjukuu wangu amenisomea barua yako mara mbili, na wasomaji wa safu yangu nao waisikie.

*Bibi mshauri, shikamoo, nisamehe kwa kupotea, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi maana siku hiyo nakutana na wenye hisa na sijui nitawaambia nini. Wewe kazi yetu unaijua, tunanunua kampuni changa au zilizochoka, tunazilea miaka saba, minane, zikinenepa tunaziuza, lakini sisi wenyewe hisa zetu zinauzwa sokoni kila siku, yaani mtoto tunamlea miaka minane na watu wanampima uzito kila saa, bei yetu inapita kwenye skrini kubwa pale mapokezi, nyekundu, nyekundu, hadi nikifumba macho naiona inaelea kama samaki. Kosa ni langu, bibi, miaka ile wanunuzi wa kampuni tulizozilea walipokuwa wanapigana vikumbo mlangoni nilisimama nikaahidi kwamba gawio la wenye hisa halitapungua mwaka wowote, watu wakapiga makofi, na mimi nikaamini miaka ile haitaisha, sasa hakuna mnunuzi wa maana, gawio linadai kitu kiuzwe, na kitu pekee chenye mtu anayekitaka ni kiwanda chetu cha chupa za dawa, ndicho kizima kuliko vyote, kina wateja na kinajilisha chenyewe, ila anayekitaka ni mshindani wake, anawataka wateja tu, tanuru atalizima na watu mia mbili watarudi nyumbani. Juzi nikaenda kuliaga lile tanuru bila kumwambia mtu, nikasimama pale kioo kinapoyeyuka, kinatiririka taratibu kama asali yenye jua ndani yake, kelele zote zikawa mbali, nikasahau hata nilichofuata, mpaka mama msimamizi, wanayemwita Mama Moto, akaniuliza mbona naliangalia kama nimekuja kumwona mgonjwa. Kisha akasema, "Hili halijazimwa tangu kitinda mimba wangu azaliwe, na sasa sauti ya kijana huyo imekuwa nzito. Likipoa, matofali yanapasuka, huliwashi tena." Mwenyekiti wetu anasema nikiuza kabla ya Alhamisi tutaepuka aibu, nisipouza nijiandae kuacha kiti, na mimi kila nikisinzia naota natembea juu ya sakafu ya kioo na moto chini yake unafifia, nifanye nini, bibi?*

Kwanza kaa chini, mume wangu. Unywe maji.

Nimekuonea huruma, kwa sababu asiye na moyo angetuma karatasi, asingekwenda kuliaga tanuru. Lakini ulikosea, na sitakupaka mafuta. Uliahidi ukiwa umeshiba. Nami nilishafanya hivyo. Nilimwahidi shemeji yangu viatu vya harusi mwaka ambao kuku wangu walikuwa wanataga mpaka chini ya kitanda. Ugonjwa ukapita bandani, akabaki mmoja tu anayetaga, nami kwa kuogopa aibu nikamuuza yeye. Harusi ilikwisha kabla ya jua kuzama. Mayai niliyakosa mwaka mzima, na viatu vyenyewe vilimbana.

Huyo mshindani anajua una haraka, ndiyo maana ametokea sasa. Alikuwa wapi wenzake walipokuwa mlangoni? Na wewe siku zile ulikuwa wapi, mbona hukuuza kampuni mbili tatu ukaweka akiba, ukabaki unacheza ngoma ya makofi? Basi, yamepita. Kiwanda usiuze.

Kesho asubuhi mpigie mwenyekiti umwambie utakachosema, usimvizie mbele ya watu. Jumatano wachukue wenye hisa wakubwa watatu uwapeleke kwa Mama Moto. Usiwahutubie. Waache wasimame pale uliposimama wewe, wapigwe na lile joto usoni, halafu yeye awaeleze kama alivyokueleza. Alhamisi simama useme kwa kinywa chako: "Ile ahadi niliitoa mimi, na nilikosea. Mwaka huu hatugawi. Tutagawa tutakapouza kwa bei ya haki, na kila tutakapouza tutabakiza fungu la siku kama hizi." Ukimaliza, nyamaza. Usianze kujitetea mpaka uharibu.

Watanuna. Bei itashuka zaidi wiki hiyo, huenda na kiti wakakunyang'anya. Utalia, utalala, utaamka. Ila ukiuza, ile ndoto ya sakafu ya kioo utatembea nayo mpaka uwe na magoti kama yangu.

Na kama mikono inakuwasha kuzima kitu, kazime ile skrini ya mapokezi. Mtoto wa miaka minane hapimwi uzito kila saa, atakonda kwa kuangaliwa.

Usingoje miaka minne mingine. Njoo Jumamosi, uwe na kiti au huna, na karatasi zako uziache huko huko. Niletee chupa moja tu, iliyotoka kwenye tanuru lile siku ya Ijumaa.