Anamsomea Bibi, Hanisomei Mimi

Jumapili. Mvua imenyesha hapa Nyasubi tangu tulipotoka kanisani, imekatika kama saa tisa hivi, na sasa uani kuna tope linalovua watu viatu. Nimekaa barazani na simu, naandika kwa kidole kimoja. Sina huzuni. Ila kuna kitu nakitaka na siwezi kukiomba.

Mama yangu aliondoka Alhamisi. Amerudi Kishapu kwa sababu mvua zimeanza, na hakuna wa kumwambia kwamba shamba linaweza kumsubiri. Mimi ninamkumbuka, lakini anayemkumbuka zaidi ni Milembe, binti yangu wa miaka kumi na mmoja. Na hilo ndilo ninalotaka kuliandika leo.

Milembe alikuwa hapendi kusoma.

Si kwamba hajui. Anajua. Ila kumpa kitabu kulikuwa kama kumpa dawa chungu. Mwezi wa sita, shule zilipofungwa, alileta ripoti na mwalimu wake wa darasa alikuwa ameandika chini kwa wino mwekundu: anasoma kwa kusitasita, mzazi amsaidie nyumbani. Niliona aibu kana kwamba nimeandikiwa mimi. Mtaani hapa mimi ndiye mtu wa vitabu. Nauza dawa kwenye duka karibu na soko, na watu huniletea hata barua zao za shule na za mahakama niwasomee. Nina vitabu tisa kwenye kabati la vioo, vimepangwa pamoja na glasi za wageni.

Basi nikaanza kumsaidia.

Nusu saa kila jioni, mezani, mimi nikiwa pembeni yake. Akikosea neno, namrekebisha. Akimaliza ukurasa, namuuliza maswali. Akimaliza sura, anaandika muhtasari kwenye daftari na mimi nasahihisha. Televisheni nikaizima mpaka kazi iishe. Nilidhani huo ndio upendo wenyewe. Mwezi wa tisa kile kitabu cha hadithi tulichokuwa tunakisoma kikapotea. Tulikitafuta siku mbili, yeye akinisaidia kutafuta, mpaka nilipokikuta nyuma ya gunia la mkaa, kingo zake zimekuwa nyeusi. Nilimfokea. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alilia bila kutoa sauti, akachukua kitambaa, akaanza kufuta jalada.

Tangu siku ile niliacha kumsomesha. Nilijiambia nampa nafasi. Ukweli ni kwamba nilikata tamaa.

Mwanzoni mwa mwezi huu mama alikuja kutibiwa mtoto wa jicho. Walimfanyia upasuaji, wakamfunika jicho la kulia, wakamwambia asiiname, asibebe kitu kizito, asikae karibu na moshi. Kwa mama yangu hiyo ni adhabu. Ni mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti mpaka kiti kipate joto. Na Kiswahili chake ni cha kusalimia na kununulia vitu mnadani. Televisheni ikiongea, yeye anaangalia tu nguo za watu. Kila asubuhi nilikwenda kazini nikamwacha kwenye kochi, na Milembe, ambaye yuko likizo, amekaa mkekani amevuta mdomo kwa sababu amekatazwa kwenda kucheza. Niliwahurumia wote wawili.

Siku ya nne nilirudi mchana kumwekea mama dawa ya jicho. Nilipofika dirishani nikasikia sauti ya Milembe. Alikuwa anasoma.

Anasoma sentensi kwa Kiswahili, anatulia kidogo, kisha anaisema kwa Kisukuma. Ni hadithi ya msichana ambaye punda wao ameibwa mnadani, naye ameondoka peke yake kumtafuta. Kitabu kilekile chenye kingo nyeusi.

"Subiri," mama akasema. "Jana ulisema punda huyo ni jike, tena ana mimba. Leo amekuwa dume?"

Nikasikia kurasa zinarudishwa nyuma.

"Ni jike, bibi. Hapa niliruka."

"Basi rudi ulikoruka."

Na Milembe akarudi! Mtoto ambaye mimi nikimwambia arudie mstari mmoja anaangalia dari, alirudi kurasa mbili nzima bila kununa. Mama hakumwachia. Alitaka kujua mwizi alimpitisha wapi punda mwenye mimba, kwa sababu huyo hawezi kwenda mbali. Alitaka kujua msichana alikula nini njiani. Kitabu hakikusema alikula nini, na mama akasema aliyekiandika hajawahi kutembea safari ndefu. Milembe akacheka, kicheko kile cha tumboni ambacho sikuwa nimekisikia tangu mwezi wa tisa.

Nilisimama pale dirishani na chupa ya dawa mkononi. Heri ningebaki hapohapo.

Nikaingia. Milembe aliniona, akaendelea, akafika kwenye neno "alitahamaki" akalisoma "alitamaki." Mdomo wangu ukanitangulia. Nikamwambia, "Alitahamaki. Soma vizuri, kuna herufi h hapo."

Akafunga kitabu. "Nimechoka," akasema, akatoka uani.

Mama akanigeuzia lile jicho lake moja lililo wazi. "Minza, niwekee dawa yako urudi kazini. Mimi nilikuwa nimeshaelewa."

Nilirudi dukani nikiwa nimenywea kama mtoto.

Jioni tulikaa uani, mimi nachambua mchele, yeye anatafuna michembe, viazi vikavu alivyokuja navyo kutoka nyumbani, maana viazi vyetu vya hapa mjini anasema havina ladha hata ukivikausha. Nikamwambia, "Mama, kumbe unapenda hadithi za vitabuni."

"Nimezipenda lini?" akasema. "Ndiyo kwanza nazisikia."

Nikamkumbusha kwamba nilikuwa nasoma tangu utotoni. Tulikuwa hatuna vitabu, lakini chumvi na sukari za dukani zilikuja zimefungwa kwenye vipande vya magazeti, na mimi nilivinyoosha, nikavisoma nyuma ya zizi, habari zisizo na mwanzo wala mwisho. Yeye akinikuta alinituma maji. Miaka yote hii nimeamini kwamba mama yangu hakujali.

Akatafuna kidogo. Akasema, "Wewe ulikuwa unasoma kimya. Ningejuaje mna nini humo?"

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anavyokwambia mvua itanyesha upande gani. Lakini mkono wangu ulisimama kwenye ungo. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nimewasomea majirani barua zao, nimewasomea wagonjwa maelekezo ya vidonge. Mama yangu mzazi sikuwahi kumsomea hata mstari mmoja. Wala haikuwahi kunijia akilini kwamba angetaka.

Siku zilizofuata nikawa nabuni sababu za kurudi nyumbani mchana. Nimesahau funguo. Nimesahau leso. Nilikuwa nasimama nje ya dirisha nasikiliza, kisha narudi kazini bila kuingia. Milembe alianza kubadilisha sauti: mwizi ana sauti ya puani, msichana ana sauti nyembamba. Mama alikuwa anamwita "ng'wanone," mwanangu, neno alilokuwa akiniita mimi nilipokuwa naumwa. Nilisimama kwenye jua na kutamani vitu viwili kwa wakati mmoja: kuwa yule mama kwenye kochi, na kuwa yule mtoto mkekani.

Jioni moja nilijikaza. Nilimkuta Milembe chumbani, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikasema kwa sauti laini kabisa, "Na mimi nisomee kidogo basi."

Aliniangalia kwa mshangao wa kweli. "Mama, wewe si unajua kusoma mwenyewe?"

Hakukuwa na ujeuri ndani ya swali lake. Ndiyo maana liliuma.

Na tena, ninajua kusoma, lakini sisomi. Hilo nalo niliandike. Vile vitabu tisa sijakigusa hata kimoja tangu Milembe alipoanza shule. Jioni niko kwenye simu. Mtoto huyu hajawahi kuniona nimeshika kitabu ila kwa ajili ya kumsahihisha yeye.

Alhamisi tulimsindikiza mama stendi. Zilikuwa zimebaki sura mbili. Milembe, akiogopa basi litaondoka, alianza kumweleza haraka haraka kilichobaki, maana alikuwa ameshachungulia mwisho. Mama alimshika mdomo kwa kiganja, mbele ya watu wote.

"Usinifupishie," akamwambia. "Utanipigia Jumapili unisomee. Nina simu."

Ana simu kweli, ile ya vitufe, na huwa anapata mtandao akisimama nyuma ya ghala.

Tangu siku ile Milembe anajiandaa. Hakuna aliyemwambia. Juzi, jana na leo nimemkuta amelala kifudifudi mkekani, midomo inacheza, anasoma ukurasa, anarudia, anajaribu kuusema kwa Kisukuma kwa sauti ya chini, anatikisa kichwa, anaanza upya. Nimefagia sebule mara mbili leo ili tu nipite karibu. Nimefungua kabati la vioo nikatoa glasi ambayo sikuwa naihitaji, nikairudisha. Sikusema neno. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya wiki hii.

Halafu mchana huu, mvua ikipiga bati, akaniita mwenyewe.

"Mama, kughairi kwa Kisukuma tunasemaje?"

Nikaacha fagio. Nikaanza, "Kughairi ni pale mtu anapotaka kufanya jambo, kisha..."

"Maana yake naijua. Nataka ya Kisukuma. Bibi hatanielewa."

Nimezaliwa Kishapu, nimekua na lugha ile, lakini neno halikuja. Limekwenda wapi, sijui. Labda sikuwahi kuwa nalo.

"Sijui," nikasema.

Milembe aliinua kichwa. "Hujui?"

"Sijui, mwanangu. Hebu nisomee kuanzia juu, nisikie limekaaje."

Akasogea. Akasoma kuanzia juu ya ukurasa, jinsi msichana alivyofika usiku kwenye nyumba ya mwizi, akamsikia punda wao akilia ndani ya ua, akainua mkono abishe hodi, kisha akaghairi. Alisoma polepole, na mahali pengine alikwama, na mimi niliuma ulimi. Nilikuwa nasikiliza kweli. Nilitaka kujua kwa nini msichana amesimama pale mlangoni na mkono juu.

Tulijaribu maneno. Nikasema, labda aliogopa. Akasema hapana, hakuogopa, kuogopa ni kitu kingine. Tukakubaliana kusema kwa Kisukuma kwamba moyo wake ulirudi nyuma. Milembe akalirudia mara mbili, akaandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa. "Hilo bibi atalielewa," akasema, akachukua simu yangu, akaingia nayo chumbani, akafunga mlango.

Walizungumza zaidi ya saa nzima. Mtandao ulikata mara mbili na mara zote mbili mama ndiye aliyepiga. Kupitia mlangoni nilisikia sauti ya mwizi ya puani, nikasikia mama akipiga kelele kutoka Kishapu, nikasikia wote wawili wakicheka jambo ambalo sikulijua. Kisha Milembe akatoka, akanirudishia simu, ikiwa ya moto, akaenda kutafuta chakula.

Nimesomewa ukurasa mmoja leo. Ninautaka mwingine.

Kitabu kipo mezani, nakiona nikigeuza kichwa. Ningeweza kukifungua sasa hivi nikajua kama msichana alibisha hodi au alirudi, na kama punda alizaa salama. Sitaki kukifungua. Nataka kusikia.

Kesho nikitoka kazini sitamuuliza amefika wapi. Nitavua viatu, nitakaa chini mkekani na kitabu changu mwenyewe, chochote kati ya vile tisa, na nitasoma kwa sauti ya kusikika. Kama atasogea, asogee. Kama hatasogea, atakuwa angalau anajua mna nini humo.