Gia Tatu za Kurudi Nyuma

Jumatatu, 4 Septemba

Mama Kulwa,

Tairi la mbele la kushoto la trekta limelala tena. Nimelijaza kwa pampu ya baiskeli, nikafuta vumbi kwenye boneti, nikaketi kwenye kiti chako cha dereva. Ndiyo kazi yangu ya asubuhi tangu tukuzike. Trekta haliwaki. Nimevuta kamba mpaka bega likauma. Linakohoa mara moja, linanyamaza.

Kulwa amepiga simu kutoka Geita. Anataka nihamie kwao, nisikae peke yangu hapa Maganzo. Nimemwambia nitafikiri. Sitaki. Mzee anayekula kwa mkwe wake bila kazi ni mzigo, hata kama hakuna anayelisema.

Alhamisi, 7 Septemba

Nimefikiri. Nitakwenda, ila na trekta. Kulwa binti yetu ana shamba la mboga bondeni, anawauzia mama lishe wa machimboni, na analilima lote kwa jembe. Nikifika na trekta nitakuwa mtu mwenye kazi. Nikifika na begi tu nitakuwa mgeni asiyeondoka.

Fundi Shija amekuja kulitazama. Kaniuliza umri wake. Nimemwambia lilikuwa likikata nyasi za nyumba za mgodini Mwadui nilipokuwa kijana wa bustani pale, na hata wakati huo lilikuwa zee. Amecheka. Anasema injini imekufa na vipuri vyake havipatikani tena. Dawa ni kufunga injini ya Kichina, ya dizeli, kama zile za mashine za kusaga mahindi.

 Mlio wa injini ile nilikuwa nausikia nikiwa jikoni. Ukibadilika najua wewe umemaliza tuta la mwisho, naweka maji ya chai. Shija anataka kuufungua kwa spana.

Nimekubali. Nimeumia.

Jumamosi, 16 Septemba

Injini imefungwa. Majirani walijaa uani. Shija akazungusha hendeli, ikawaka kwa kishindo, kuku wakatawanyika. Akaingiza gia ya kwanza. Trekta likarudi nyuma. Ya pili, likarudi nyuma kwa kasi zaidi. Ya tatu nusura ibomoe choo. Alipoingiza gia ya kurudi nyuma ndipo likaenda mbele, polepole kama kinyonga.

Kumbe ameifunga kwa upande usio wake, inazungusha kila kitu kinyume. Gia tatu za kurudi nyuma, moja ya kwenda mbele.

Mama Limi wa jirani akasema, "Baba Kulwa, linakuambia usiende." Watu wakacheka sana. Na mimi nikacheka. Lakini neno lile limenichoma, bado liko ndani.

Jumatano, 20 Septemba

Shija ameigeuza injini. Sasa linakwenda mbele. Tatizo, bomba la moshi sasa linatazama kiti. Amechomelea kipande cha kulirefusha, moshi unanipita juu ya kofia. Mara nyingine haupiti.

Nimejaribu kuliendesha. Nilivua viatu niisikie klachi kwa unyayo, kama ulivyokuwa ukifanya. Limenizimikia kila kona. Wewe ndiye uliyekuwa dereva. Mimi nilitembea nyuma nikiokota mawe. Nakumbuka mwaka ule ulipokuta kiota cha ndege shambani ukakizunguka, ukaacha kichaka cha nyasi katikati ya matuta kama kisiwa. Nilikuuliza sababu. Ukasema hata huyo ana watoto.

Ijumaa, 22 Septemba

Safari. Tumepata lori la mashudu linalokwenda Geita. Asubuhi nilipita kaburini kwako. 

Kulipandisha trekta kulikuwa kazi. Mbao mbili, vijana wa hapa, na dereva wa lori, mtu wa pwani, amesimama anakula muhogo. Akatuambia, "Si mnaitwa Wasukuma? Haya, sukumeni." Tukasukuma. Limepanda.

Isaka tumekwama nyuma ya malori ya makontena. Nikapanda juu kukagua. Kamba moja ilikuwa imelegea, nikaikaza. Tulipopita Kahama barabara ikawa mbaya, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Nilisikia kishindo nyuma. Trekta limeteleza likapiga ubao wa lori. Taa moja imepasuka. Haikuwa inawaka tangu zamani, lakini nimesikitika kana kwamba ilikuwa ikiwaka.

Jumapili, 1 Oktoba

Masanja, mume wa Kulwa, amenipokea vizuri. Kila asubuhi shikamoo, macho chini. Namwitikia marahaba, na mimi macho pembeni. Ndivyo tulivyolelewa, mtu na mkwe wake. Tunapishana mlangoni kama watu wenye haraka. Chakula changu natengewa peke yangu, kwenye sahani ya wageni.

Wiki hii nimelima bondeni. Matuta yamenyooka, si kama yako lakini yamenyooka. Akina mama wanaouza mboga walikuja kutazama. Mmoja akauliza kama hilo ni trekta au ni pikipiki iliyovimba. Kulwa alisimama mikono kiunoni, anacheka. Ni wewe kabisa.

Nimekula ugali bila aibu.

Jumanne, 10 Oktoba

Jambo zito. Masanja na wenzake wana karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Injini yake imekufa. Mawe yamelala kwenye viroba, na wenzao wa duara, lile shimo wanalochimba, wanataka kugawana mawe na kwenda zao. Wanataka injini ya trekta.

Hakuniambia yeye. Amemtuma Kulwa. Amesimama mbele yangu anakunja ncha ya kanga. "Baba, anaomba kuazima. Mvua za kwanza zikinyesha atairudisha." Nikamuuliza kwa nini haji mwenyewe. Akasema, "Anakuonea aibu. Wewe ni mkwe wake."

Nikikataa, nitakula kila siku chakula cha mtu niliyemnyima. Nikikubali, narudi kuwa mgeni. Naogopa. Sina mtu wa kumuuliza.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimekubali.

Vijana walikuja na spana, wakaifungua upesi mno. Niliwaambia wasafishe chujio la hewa kila siku, vumbi la mawe si vumbi la shamba. Wakaitikia "sawa mzee", kama vijana wanavyowaitikia wazee. Wameondoka nayo kwenye mkokoteni. Trekta limebaki na shimo mbele.

Jumamosi, 28 Oktoba

Mawingu upande wa ziwa. Injini haijarudi. Masanja anatoka kabla sijaamka na anarudi akipitia mlango wa nyuma. Kulwa naye anajifanya ana kazi nyingi. Kuku mmoja ametaga pale injini ilipokuwa.

Nina hasira. Nina hasira na Masanja, na Shija, na mimi mwenyewe. Leo nimekasirika hata na wewe kwa kufa. Nimeandika hivyo na sitafuta.

Jumatano, 8 Novemba

Mvua kubwa tangu alfajiri. Ardhi imelainika, inanuka vizuri. Na mimi nimekaa barazani sina la kufanya.

Masanja amekuja, mwenyewe. Amelowa, kofia mkononi. Hakuketi. "Baba, nimeiua injini. Vumbi limeingia, pistoni imejamu. Fundi ameifungua, anasema haifai tena. Sina cha kukuambia."

Maneno nilikuwa nayo. Nimeyaandaa wiki nyingi, mengine makali. Nikamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu amuoe Kulwa. Ni kijana tu. Amekonda. 

Nikamwambia, "Mbegu hazisubiri. Nitafutie jembe lenye mpini mrefu, mgongo wangu haupindi."

Akavaa kofia yake. Kisha akaenda kulitafuta.

Jumapili, 12 Novemba

Leo tumepumzika. Tangu Alhamisi tumelima kwa jembe, mimi na Masanja, kabla hajaenda machimboni. Yeye tuta lake, mimi langu.  Yeye ana nguvu, mimi napumzika kila baada ya hatua chache. Jana alimaliza lake, nikadhani anaondoka. Akazunguka akaanza mwisho wa tuta langu, akalima kuja upande wangu mpaka tukakutana. Nikamshukuru kwa Kisukuma, wabeja. Akasema, "Wabeja, baba." Akafuta jembe, akaenda.

Sijui kama trekta litalia tena. Wakati mwingine nadhani kwa kulinyamazisha nilikuzika mara ya pili. Mikono ina malengelenge na usingizi haukai.

Mchana huu Kulwa hakunitengea peke yangu. Ameweka sahani moja katikati, nimekula na Masanja. 

Mvua bado inanyesha. Nadhani inanyesha Maganzo pia.

Mama Kulwa, huko uliko, unikumbuke.