Ndovu Wamejua Kuhesabu Hadi Tatu

Miasenyi,
S.L.P. 214,
Voi.
2 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Kimanzi,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Doha? Joto la huko mwili umelizoea? Unakula vizuri? Na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua, umepona? Sisi hapa tunapumua. Mama magoti humuuma asubuhi, mchana yakamwachilia. Mimi bado nakaanga mandazi pale barabarani, na madereva wa malori bado wanakula kwanza na kulia bei baadaye.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako haipatikani tangu mvua ya vuli ianze. Nimepiga asubuhi, nimepiga jioni, mpaka yule dada wa kwenye simu tumekuwa marafiki. Nilikwenda Mombasa kumtafuta wakala aliyekupeleka, na pale palipokuwa ofisi yake sasa wanauza viatu. Anwani hii niliitoa nyuma ya bahasha uliyomtumia Mama ikiwa na picha zako. Sijui kama bado uko hapo, wala sijui ni nani atakayeifungua barua hii. Naandika hivyo hivyo.

Sasa habari za shamba. Mvua ilikuwa nzuri, ndengu zikabeba, na ndovu wa Tsavo nao wakapata habari. Ule mtambo uliotufungia likizo iliyopita, spika juu ya nguzo na lile jicho kwenye ua, ulitulinda vizuri mwanzoni. Kikipita kitu kilichozidi kimo cha mlango wetu, sauti yako inatoka, "Toka! Toka shambani kwa mama!" na debe linalia. Siku moja ulimfukuza Shangazi Kaveke akipita na mzigo wa kuni kichwani. Alitupa kuni akakimbia mpaka kwenye lami, na hadi leo anasema hatakusalimu tena mpaka umwombe msamaha.

Lakini ndovu si Shangazi Kaveke. Uliuambia mtambo upige kelele mara tatu, upumzike betri isife, ndipo uangalie tena. Wao wakasoma. Yuko jike mmoja mzee, sikio lake moja limepasuka. Anasimama nje ya ua kama mtu aliye kwenye foleni ya zahanati, anasikiliza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukinyamaza tu, anaingia na wenzake. Mapumziko yale yanatosha kusonga ugali, na wao hawangoji hata mboga. Kuishi kwingi ni kuona mengi, ila sikutarajia kuona mnyama akiielewa programu yako kabla yangu mimi.

Hapo ndipo nilipoamua kwenda kusoma. Usicheke. Kuna darasa la Jumamosi kule Voi, juu ya duka la mabati, na mwalimu ni binti wa Mghange anaitwa Priscilla. Wenzangu wote wametoka kidato cha nne juzi juzi. Nilibeba laptopu uliyoacha, ile ya kioo kilichobandikwa gundi, na ule ubongo wa mtambo, kile kidude cha nyaya, nimeufunga kwenye leso.

Priscilla alinifundisha kwamba kompyuta haina akili, inatii tu, mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini. Lakini katikati kuna njia panda. Ikiwa jambo hili ni kweli, pita huku. La sivyo, pita kule. "Auntie, usiwahi kuacha la sivyo ikiwa tupu," ananiambia. "Siku moja kitatokea kitu ambacho hukukipangia, na mashine itanyamaza tu."

Kuna na lupu, yaani kurudia. Kila lupu lazima iwe na mlango wa kutokea. Mimi yangu niliiandika bila mlango, nikidhani nimemkomesha yule jike. Jumapili asubuhi akapita kijana na godoro kichwani, mtambo ukaanza, na haukujua kuacha. Mchungaji anahubiri kanisani hapo jirani, wewe unajibu "Toka! Toka!" na wageni wakadhani ni sehemu ya mahubiri. Kufikia alasiri sauti ilianza kukatikakatika, betri ikafa, na usiku huo ndovu wakala mahindi yote ya upande wa reli.

Hayo yaliniuma, lakini si kama haya ya Mama. Kila sauti yako ikitoka, yeye anaamka. Anachukua sufuria na mwiko anakwenda shambani kukusaidia. Nikifunga mlango, anapitia jikoni. "Mtoto hawezi kufukuza ndovu peke yake na mimi nimelala," anasema. Nikimwambia ni mashine, ananiangalia kwa huruma kana kwamba mimi ndiye niliyezeeka. "Najua ni mashine. Na sauti ni ya nani?"

Alfajiri moja jirani yetu Nzau alimkuta katikati ya ndengu, yule jike mbele yake, karibu kama nilivyo karibu na mlango nikiandika hapa. Mama anagonga sufuria akiita, "Kimanzi, mimi niko upande huu!" Nzau alimvuta kwa kanga mpaka wote wawili wakaanguka. Akamleta kwangu. "Kathini," akaniambia, "badilisha hiyo sauti, ama huyu mama tutamzika."

Nikarudi kwa Priscilla. Akasema sasa ni wakati wa kunifundisha klasi. Si darasa la watoto, ni kama kalibu ya matofali. Kalibu ni moja, matofali ni mengi, na kila tofali ni kitu chake. Moja likipasuka, mengine yanasimama. Tukatengeneza kalibu tukaiita Mlinzi. Tukaandika kwamba kila Mlinzi ana sauti, ana idadi ya kelele na ana mapumziko yake. Kisha tukatoa walinzi wawili, mmoja wa ghalani na mwingine wa upande wa reli. Mmoja apige mara tano, mwingine mara mbili, halafu wabadilishane, yule jike apotee hesabu. Nakwambia siku hiyo nilijiona msomi. Tulikuwa tumemrekodi Nzau, na unamjua, akisalimia tu ni kama kinu cha kusaga mahindi.

Priscilla akaenda kumsaidia mwanafunzi mwingine, na kompyuta ikataka jina la ile sauti mpya. Nikafikiri kama tunavyofikiri kwetu. Nilipomzaa Mumbe nilimpa jina la Mama, na Mama akabaki Mama. Jina halikupungua, liliongezewa mtu. Nikataka sauti ya Nzau ibebe jina lako, iwe na baraka, na wewe usitoke kabisa pale shambani. Nikaandika Kimanzi. Ikaniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika, nikabonyeza ndiyo.

Kumbe kwa kompyuta jina moja linabeba mmoja. Ukimpa mwingine, wa kwanza anashushwa, na sauti yako ilikuwa tayari inaitwa Kimanzi. Priscilla alikutafuta kwenye laptopu, akakutafuta kwenye ule ubongo, akaniuliza kama tuna nakala popote. Hatuna. Akavua miwani akaketi kando yangu. Maji yakimwagika hayazoleki, ndugu yangu.

Mtambo sasa unafanya kazi. Ndovu wamechanganyikiwa, ndengu zilizobaki zimepona, na Mama hatoki tena nje. Nilivyovitaka vyote nimevipata. Lakini mara ya kwanza sauti ya Nzau ilipotoka, Mama aliketi kitandani na sufuria mapajani, akasikiliza mpaka ikaisha. "Huyo si Kimanzi," akasema, akairudisha sufuria jikoni.

Kesho yake alilitoa lile blanketi lako la kijivu, akalifua, akalianika, akampelekea Nzau. Akamwambia, "Wewe ndiye uko nje na baridi sasa." Na ameanza kusema Kimanzi alikuwa akipenda kunde. Namwambia, "Anapenda, Mama." Anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Tangu simu yako inyamaze, ile spika ndiyo iliyokuwa ikimwambia kwamba uko hai, na mimi sikulijua hilo mpaka nilipokuwa nimeifuta sauti yako. Nimeshindwa, Kimanzi. Nimemtoa mbele ya ndovu, na hapa ndani ya nyumba anaisha mbele ya macho yangu, wala hakuna somo la Jumamosi la jambo hili.

Mume wangu Mutuku yuko Mahoo kwenye migomba, anakusalimu sana. Mjomba Ndulu anakusalimu. Mumbe yuko gredi ya nne sasa na anataka kujua kama huko kuna ndovu. Nzau anasema blanketi ni lako, amelikunja, halilalii. Shangazi Kaveke naye amekusamehe zile kuni, alisema jana mwenyewe bila kuulizwa, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Nimalize kwa nilichojifunza. Ikiwa barua hii imekufikia, basi piga simu. Azima ya mtu, omba msikitini, omba barabarani. Usianze na salamu, piga kelele tu umwambie yeyote atakayeshika atoke shambani kwa mama. Simu nimempa Mama, iko mfukoni mwake, na sufuria iko karibu. Atakujibu.

La sivyo, Kimanzi. Mwalimu alinionya nisiiache tupu. Nimekaa nayo tangu tutoke kanisani, chai imepoa, na sina cha kuandika hapo.

Mungu wa mama yetu akufunike popote ulipolala.

Wako akupendaye,
dada yako,
Kathini