Vyeti Saba vya Mkono Mmoja

Jumatatu, 12 Mei 2025
Vipindi vinne. Madaftari ya darasa la tano nimeyasahihisha yote. Saa nane nikapanda na kishikwambi hadi juu ya shamba la kahawa la shule, hapa shuleni mtandao unashika pale tu. Nimemaliza moduli ya uraia wa kidijitali. Yangu kwanza, kisha za wenzangu sita, akaunti moja baada ya nyingine. Maneno yao ya siri ninayo kwenye daftari, nimeyapanga kwa herufi. Ndivyo tunavyofanya tangu mafunzo ya walimu mtandaoni yaanze: wao wananishikia zamu, mimi nawajibia. Swali la tisa: umewahi kuingia kwenye akaunti ya mtu mwingine? Nimejibu Hapana mara saba. Vyeti saba. Nimeshuka nimeridhika.

Jumanne, 13 Mei
Afisa elimu kata kampigia mwalimu mkuu. Ameona shule nzima imemaliza alasiri moja, majibu yaleyale, hata makosa yaleyale. Anakuja Ijumaa. Kila mwalimu atarudia moduli mbele yake, peke yake. Atakayeshindwa, cheti kinafutwa na barua ya onyo inaingia kwenye faili lake.
Ofisini wote wakanitazama. Aibu. Ninayehofia atashindwa ni Mwalimu Nzunda. Anastaafu Desemba. Tangu aajiriwe faili lake halijapata kuingiwa na onyo, na ndilo jambo pekee analojisifia. Kishikwambi chake bado kimo kabatini, kwenye nailoni yake.

Jumatano, 14 Mei
Nimechana kurasa za maneno ya siri, nimezitia kwenye moto wa uji. Kila mtu amejiwekea jipya. Wengine watano wanaelewa haraka, tumefundishana wakati wa mapumziko. Mwalimu mkuu naye yumo.
Jioni nilipanda na Mwalimu Nzunda, tukakalia magunia ya mbolea. Vidole vyake vimekomaa kwa jembe, kioo hakivisikii. Anabonyeza kama anagonga mlango wa jirani.
"Mwanangu, si uniandikie tu majibu kwenye karatasi?"
Nikakataa.
"Ukali wenyewe umeuanza wiki mbaya."
Tumejaribu kidole kimoja kimoja. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimekubali. Nimefurahi kuliko yeye. Lakini tumefika swali la pili tu.

Alhamisi, 15 Mei
Baridi. Kaja na koti la kanisani na thermos ya chai. Tumeenda vizuri mpaka swali la tisa. Akasoma, akanigeukia.
"Hili nalo ulinijibia Hapana?"
"Ndiyo, mwalimu."
Akacheka mpaka akavua miwani. "Kumbe nimedanganya mtandaoni huku nachuma kahawa nyumbani."
Swali la uvumi hakuhitaji kusoma machaguo. Sauti imetumwa kwenye kundi la wazazi kwamba shule inafungwa, ufanye nini? "Simtumii mtu. Namtafuta aliyeanza." Sahihi. Ya namna hiyo anayajua kutuzidi wote. Kinachomshinda ni kurudi nyuma akikosea. Tumerudia mara kumi na moja. Nimehesabu. Ya kumi na moja alifanya mwenyewe. Bado naogopa.

Ijumaa, 16 Mei
Kabla hajaanza nilimwambia afisa ukweli: zote nilijibu mimi. Hakushtuka. "Mwalimu, Nzunda ninayemfahamu angemaliza moduli kwa dakika sita?" Kanionya kwa mdomo. Nimestahili.
Mimi nilikuwa wa kwanza kuingia ofisini, kwa mtandao wa kifaa alichokuja nacho afisa. Swali la tisa nimejibu Ndiyo. Mfumo umenihesabia kosa. Nimepata sabini na tano; kufaulu ni sabini.
Mwalimu Nzunda aliingia wa mwisho. Nusu saa. Dakika arobaini. Mwalimu wa hesabu alipita dirishani mara tatu na ndoo tupu. Kila akipita tunamuuliza, anasema, "Bado anatumia kidole kilekile."
Akatoka. Themanini na tano. Wa pili shuleni. Akaniuliza nimepata ngapi, mbele ya watu. Nikasema. Akanipa pole kwa sauti kubwa, na kunialika kwake jioni kwa masomo ya ziada. Tumecheka mpaka afisa katoka kuona kuna nini. Mimi ndiye wa mwisho kati ya saba. Sijawahi kufurahia kuwa wa mwisho.

Jumamosi, 17 Mei
Ukungu mpaka saa tatu. Nimefua. Nimechambua maharage. Simu iko mezani tangu asubuhi, hakuna aliyeniomba nimwingizie chochote. Mchana Mwalimu Nzunda ametuma picha kwenye kundi la walimu, ya kwanza maishani mwake. Mkewe, kikapu cha kahawa mbivu, nusu ya kichwa imekatwa. Chini ameandika: Nimemwomba ruhusa kwanza. Amekubali.
Nimeitazama kwa muda. Kisha nikalala usingizi wa mchana.