Fimbo ya Baba Kwenye Geti la Chuo

Kinyangiri, 10 Machi 2024

Mwanangu Hosea,

Hujambo huko mjini? Sisi wazima, ila goti langu linasumbua, na mtandao wa simu umekufa tena, ndiyo maana nampa kondakta barua. Nimekutumia fimbo ya marehemu baba yako. Unakumbuka alivyokuwa akiipaka samli kila baada ya kukamua? Mwanamume wa huku hatembei mikono mitupu. Ukipita getini msalimie Leonard wa jirani yetu Felista. Siku alipovaa joho kijiji kizima kilikula mbuzi, na leo analinda chuo kilekile kilichompa digrii. Mama yake akiulizwa husema, "Yuko chuoni." Hasemi uongo.

Mama yako, Severina

Singida mjini, 28 Machi

Shikamoo mama,

Mimi mzima. Pole na goti. Fimbo nimeipata, na wenzangu wananitania, "We Mnyiramba, ng'ombe umewaacha wapi?"

Mama, nasomea maabara na maabara hatuna. Darubini ni moja, kioo kimepasuka. Mwalimu anatuchorea vijidudu vya malaria ubaoni, nasi tunakariri. Leonard alisoma hivyohivyo. Kila hospitali aliyoomba kazi ilimpa damu aipime, akashindwa. Mwenye chuo yeye anajenga hosteli nyingine. Kesho kutwa tutakaa getini, asiingie mtu wala kutoka, mpaka vifaa vije. Askari wa chuo wamegawiwa virungu na kofia ngumu. Leonard kaniambia, "Dogo, siku hiyo usije. Mimi nakula hapa."

Nitakwenda.

Mwanao, Hosea

Kinyangiri, 6 Aprili

Mwanangu,

U hai? Leonard tumemzika jana. Wanaume waliomwosha walitoka wakitapika. Felista alikwangua udongo wa kaburi kwa kucha mpaka zikatoka damu. Watu wanasema aliuawa na mwanafunzi mwenye fimbo. Nijibu hili tu: fimbo ya baba yako iko wapi?

Mama

Itigi, 12 Aprili

Shikamoo mama,

Imevunjikia kichwani mwake.

Walitujia na virungu tukiwa tumekaa chini tunaimba. Huyu Gasto wa darasani kwetu, aliyeniletea barua yako, walimvunja mkono, mfupa nikausikia. Witness, ninayekaa naye dawati moja, alipigwa mdomoni, akawa anatemea meno viganjani. Askari akainua kirungu tena. Nikampiga kama baba alivyonifundisha kumpiga fisi, kwa mikono miwili. Kofia ikaruka. Nikapiga tena. Akasema kwa Kinyiramba, "Hosea, ni mimi." Pigo jingine lilikuwa tayari liko njiani.

Nimejificha kwa fundi mmoja karibu na stesheni. Treni ya Kigoma inapita tarehe ishirini na moja. Nipande au nirudi? Nitafanya utakavyosema.

Hosea

Kinyangiri, 15 Aprili

Mwanangu,

Usipande.

Nilikwenda kwa Felista nikamwambia kwa mdomo wangu. Alinipiga kwa mwiko wa ugali mpaka jicho likafumba, nami sikukinga. Alipochoka akaketi jikoni, akauliza, "Mwisho alisema nini?" Nikamwambia. Akauweka mwiko chini. Kisha akasema, "Kumbe aliongea cha nyumbani."

Nakuja Jumamosi, twende kituoni pamoja. Felista anakuja pia. Hajakusamehe, usitegemee hilo. Anataka useme mbele ya polisi uliyomtenda mwanawe, halafu useme ni nani aliyemshikisha kirungu.

Vaa lile sweta la baba yako. Mahabusu kuna baridi.

Mama yako