Mwange Amechora Kikwembe cha Chama

Kalemie, wakati wa mvua

Kwako Yaya wangu mupenzi,

Nakuamkia wewe, na Papa wa watoto, na watoto wote. Baridi ya Kirungu inakuacha ulale? Kikohozi cha Mama kimepunguka? Sisi hapa tunapumua, Mungu asifiwe, lakini roho yangu haikai. Barua hii nimeiweka mukononi mwa shemeji anayepanda mashua ya Moba, sikuipeleka ku posta. Isome peke yako, mulango ukiwa umefungwa. Mama usimusomee yote.

Habari ni ya Mwange wetu. Uniache kwanza nijisifu, Yaya, maana hapa siwezi tena. Hajamaliza miaka tatu, lakini mutoto yule! Nikianika unga, anapitisha kidole ndani. Makala ya mbabula yote iliishia ukutani, moto wa kupikia nikaukosa. Mwanzo ilikuwa mistari tu, kama kuku amekwaruza. Halafu viduara vyenye mikia kama samaki: "Mama, hii ndakala." Baba yake akamuandikia jina pembeni ya zile ndakala zake, na yeye akauliza, "Papa, hii inasema nini?" Ee Yaya, mutoto akishajua kwamba alama inasema, hatakuachia raha! Siku moja sokoni akaona herufi ya kwanza ya jina lake kwenye gunia, akapiga kelele, "Ya Mwange!" Mimi niliyeachia darasa la tatu, nimezaa huyu! Nikasema kwa kila muntu, kanisani, pa bomba la maji: "Wangu anajua kusoma, wenu bado wanakula udongo." Ule mudomo wangu njo umetuleta hapa.

Sisi wamama wa kartye, mutaa wote, tuligawiwa vikwembe vya chama, tuvivae tukicheza siku ya kupokea mugeni mukubwa kutoka Lubumbashi. Unavijua: sura ya Mukubwa wa inchi katikati, maneno yanaizunguka. Nilikikunja juu ya mukeka, nikaenda kusonga bukari. Kurudi, Mwange amekaa juu yake na makala. Kila mahali herufi yake ilipokuwa katika yale maneno, ameizungushia kiduara. Hakuacha hata moja! Nilitaka kumubeba juu nicheke. Halafu nikaona sura. Ilikuwa nyeusi kwa viganja vyake, kutoka paji mpaka kidevu.

Nilimupiga mikono, nikakimbia ziwani na sabuni. Nikasugua, makala ikaenea tu, sura ikawa kama ya muntu aliyetoka ndani ya moshi. Siku ya kucheza nikakifunga ili pale pabaya pakae ndani. Lakini mama anayepanga mistari ya wenye kucheza akanizunguka.

"Mama Mwange, uso wa Mukubwa uko wapi? Umemukalia?"

Akavuta kikwembe. Sura nyeusi ikatoka mbele ya wamama wote.

Kesho yake tuliitwa biro, ofisi ya shefu wa kartye, mimi na mutoto. Baba yake alitaka kuja, nikamukatalia. Anafanya kazi ku reli, na yule akifungwa, tutakula nini? Kikwembe kilikuwa kimetandikwa mezani.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, Papa Shefu. Ni mutoto, alichezea makala."

"Mutoto huyu? Si wewe njo unasema pa bomba anajua kusoma? Anayejua kusoma anajua anachokifuta. Ao mulimufundisha? Sasa niambie, anajua ama hajui?"

Yaya, nilimuangalia mwanangu, naye ananiangalia. Nikasema, "Hajui kitu. Ni mudomo wangu tu. Mutoto ni mujinga kama mama yake."

Akamupa stilo na karatasi, aandike. Mwange akaishika kwa ngumi, akazungusha, akazungusha. Shefu akacheka: "Hii njo kusoma? Kuku wangu anaandika kupita huyu!" Askari wa mulangoni akacheka. Na mimi nikacheka, jasho linanishuka mugongoni. Kumbe ukutani, juu ya kichwa cha shefu, kuna sura ingine na maneno chini yake. Mwange akainua kidole. "Ya Mwa..." Nikamukandamiza kinywa kifuani pangu.

"Anasema nini?"

"Anaomba maji, Papa Shefu."

Wakatuachilia. Lakini alisema atakuwa anapita kwetu kuangalia kuta. Nimezipaka udongo zote. Nikisikia viatu nje, naficha makala.

Na kuna kitu kinaniogopesha kupita hata viatu vile. Nikiwasha mbabula, Mwange anaficha mikono nyuma. Jana nilimuonyesha karatasi ya sabuni yenye herufi yake, nikamuuliza polepole, "Hii ya nani?" Akaangalia kinywa changu kwanza. Akasema, "Mwange hajui."

Yaya, umupokee. Anakuja na mashua ya nyuma ya hii, shemeji atarudi kumuchukua, amushike mukono mpaka huko juu Kirungu. Umupe makala, achore anapotaka, hata kwenye mulango wako mupya. Akikuuliza alama inasema nini, umujibu.

Salimia Mama, muambie mujukuu anakimbia joto la Kalemie. Salimia mujomba wetu katekista na mama mukwe wako mwenye maneno mengi. Wakikuuliza kama kweli mutoto anajua kusoma, sema hajui. Wewe mwenyewe ujue.

Ni mimi mudogo wako mwenye kukupenda,
Mama Mwange