Bado Kinakusubiri

Jumamosi, 4 Mei

Kijana wa kampuni inayotuhifadhia tovuti amekuja karakanani leo. Viatu vyeupe kwenye vumbi la msasa! Alikaa juu ya jeneza lisilopakwa vanishi akidhani ni benchi. Alipoambiwa aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Baba alicheka hadi akakohoa.

Ana kifurushi kipya. Eti watu wengi wanaingia dukani kwetu mtandaoni, wanachagua jeneza, wanaliweka kwenye kikapu, wanaandika barua pepe yao, halafu — kimya. Kifurushi hiki kitawafuata. Chenyewe kinawatumia kikumbusho. Wasipojibu, kinawatumia cha pili, chenye punguzo.

Baba akasema hiyo ndiyo dawa. Watu wanaogopa kuonekana mlangoni kwetu wakati mgonjwa wao bado anahema. Watasemwa wanamchimbia kaburi akiwa hai, wanaleta uchuro. Ndiyo maana wanachungulia kwenye simu, wamejifungia chooni.

Nikasema labda wanaochungulia waachwe wachungulie. Hakunisikia. Nikisema hakuna anayesikia. Nikiandika ndipo watu husoma. Kwa hiyo maneno yote ya tovuti ni yangu. Kikumbusho kilikuja kimeandikwa "Ofa kabambe, changamka sasa!" Kwa jeneza! Nikakifuta. Nikaandika: "Ulichokichagua bado kinakusubiri. Tupo." Nimekisoma tena na tena. Kina heshima. Ninajivunia kidogo.

Jumatano, 8 Mei

Mama yake Kasuku ametoka hospitali!

Kasuku ni mwenzangu wa dawati. Yeye anaongea, mimi nasikiliza, tumegawana kazi. Shule nzima wananiita Sanduku kwa sababu ya kazi ya Baba. Wakipita kwenye dawati letu wanagonga mbao, "Hodi, kuna mtu humo?" Kasuku huwajibu, "Yupo, anakupima urefu!" Wanatimua mbio. Bila yeye ningekuwa nimeshaacha shule, na siongezi chumvi.

Leo nimemsindikiza kwao. Mama yake amelala, amekonda, amebaki macho. Akanishika mkono. "Binti wa fundi, umekuja kunipima?" Nikataka ardhi inimeze. Kumbe utani. Akacheka mpaka akashika ubavu. Sasa najua Kasuku kaurithi wapi ule mdomo.

Baba yake akatangaza mbele ya majirani wote: daktari amesema yamekwisha, amepona, kilichobaki ni kula. Watu wakapiga makofi. Kasuku akalia, akanifutia kamasi begani. Baadaye nikamwona yule baba nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji, ameinamia simu, anaandika kwa kidole kimoja. Nikasema moyoni: anawapa ndugu habari njema.

Ijumaa, 10 Mei

Nimetoka shule nikafungua dashibodi, ule ukurasa wa kusimamia duka, kama kawaida. Kikapu kilichoachwa: kimoja. Jina — baba yake Kasuku. Jeneza la mbao ngumu, kitambaa cheupe ndani. Urefu wa mwanamke mfupi. Jumatano, jioni.

Hakuwa akiwapa ndugu habari njema.

Na barua pepe aliyoandika si yake. Hana. Ni ya mkewe, aliyemfungulia simu hiyo kwa anwani yake mwenyewe. Ninaijua anwani hiyo. Kasuku huifungua tukisubiri matokeo ya mitihani. Hakufikiri. Nani angefikiri, amesimama pale kando ya tangi, ndani watu wanapiga makofi?

Chini ya jina kuna alama mbili za kijani. Kikumbusho cha kwanza: kimetumwa leo asubuhi. Kimefunguliwa.

Sentensi yangu. Ile yenye heshima. Natamani ningeiacha ile ya "changamka". Angalau ile ingeonekana takataka, angeifuta bila kuisoma.

Cha pili kitakwenda Jumapili, na punguzo. Punguzo! Nikabonyeza kuzima. "Mmiliki pekee ndiye anayeruhusiwa." Mmiliki ni Baba, nambari ya kuthibitisha inakwenda kwenye simu yake, naye amepeleka jeneza mbali. Nikaiandikia kampuni. Wamejibu papo hapo: wanathamini sana hisia zangu, je, ningewapa nyota ngapi?

Nikampigia Baba. Akasema vikumbusho vimeleta oda wiki hii hii, hazimi chochote akiwa safarini, nisimpandishe presha. Sikumtajia ni nani. Sheria ni yake mwenyewe: aliyechungulia kwetu hatajwi. Nikanyamaza, kama ilivyo kawaida yangu. Kuna watu wanaona kunyamaza ni adabu. Leo nimeona ni uvivu wa moyo.

Jumamosi, 11 Mei

Kasuku alikuja asubuhi. Hakugonga, alikaa tu mlangoni karibu na rundo la mbao. Mama yake tangu jana hataki kula. Amegeukia ukuta. Baba yake anasema ni makali ya dawa.

"Eti dawa," akasema. "Wewe unayesoma vitabu vyote, niambie. Dawa gani hiyo inamfanya mtu asimtazame mumewe?"

Nikasema sijui.

"Haya, Sanduku. Na wewe umefunga kifuniko." Akaondoka. Hajawahi kuniita Sanduku. Hata siku moja.

Baba amerudi jioni na vumbi la barabara usoni. Nimemwambia yote kabla hajavua viatu — jina, tangi la maji, barua pepe ya mke — kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Akakaa chini. Akavua kiatu kimoja, akakiacha kingine.

"Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua," akasema mwishowe. "Hawasemi aumbuliwe na duka."

Akanisomea nambari. Nikaingia, nikazima. Dashibodi ikaniuliza kama nina uhakika, maana nitapoteza wateja. Nina uhakika! Cha pili hakitakwenda. Nimelala kitandani kama mtu aliyetua gunia, halafu nikakumbuka gunia lenyewe lilishafika lilikokuwa linakwenda.

Jumapili, 12 Mei

Amejibu. Mama yake Kasuku. Imeingia kwenye barua pepe ya duka, nami ndiye ninayezisoma.

"Habari zenu wa dukani. Nimepata ujumbe wenu, sijakasirika. Nauliza jambo moja. Lilichaguliwa siku gani? Kama ni kabla sijatoka hospitali, nitaelewa, hali ilikuwa mbaya, hata mimi ningeogopa. Kama ni baada, basi daktari alimwambia mengine."

Nikampelekea Baba simu. Alikuwa anapiga randa. Akasoma, akapangusa kioo kwa koti la kazi, akasoma tena.

"Usijibu. Mteja wetu ni mume. Siri ni ya mume."

"Na jeneza ni la nani, Baba?"

Alinitazama kama nimemtukana. Labda nilimtukana. Akashika tena randa, akaipitisha kwenye ubao uliokuwa umeshalainika.

Mchana umeingia ujumbe mwingine. Siwezi kuacha kuunakili, ingawa nimeshaukariri:

"Najua mmesoma. Ninyi mnawaona watu wengi kuliko madaktari, hamwezi kuwa na woga. Nina binti. Kama siku zilizobaki ni chache, kuna mambo ya kumwambia, na siwezi kumwambia huku nyumba nzima tunaigiza. Siku gani tu. Sitauliza lingine."

Hajui ni mimi. Au anajua? Aliniuliza kama nimekuja kumpima.

Nikijibu, nimemwambia habari ambayo mumewe ameshindwa kumwambia, na Kasuku atajua imetoka kwangu, maana hakuna mwingine anayeandika kwa niaba ya duka hili. Nisipojibu, atabaki na ukuta wake, na Kasuku atabaki na "makali ya dawa" mpaka siku atakayoletwa kwetu na baba yake kuchagua rangi ya kitambaa. Nimetafuta jibu la katikati. Mimi ni mtu wa maneno, nimeyapanga yote: tunasikitika, taarifa za wateja, Mwenyezi Mungu akupe nguvu. Yote yananuka kama ile kampuni ya nyota.

Nimeandika: "Jumatano jioni, mama." Nikafuta. Nikaandika tena.

Baba amekuja akasoma juu ya bega langu. Hakusema nijibu. Hakusema nisijibu. Ametoka nje, na sisikii randa. Maneno bado yapo kwenye kioo, hayajaenda. Naandika humu ili mikono yangu iwe na kazi nyingine.